Hujui Utakuwa Nani? Namna ya Kuchagua Kombi Hata Hivyo

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu haipoi wiki nzima. Swali ni lile lile, sauti ndizo zinazobadilika. "Shikamoo mwalimu, eti PCB na CBG ipi ina soko?" "Mwalimu, nimepata divisheni tuu, nisome nini?" "Mwalimu, huyu mwanangu kila nikimuuliza anataka kuwa nani ananiambia hajui. Nimpeleke wapi?"

Nimekaa ofisi ya taaluma ya shule ya advansi miaka ya kutosha kujua kwamba wasiojua ni wengi kuliko wanaojua. Anayetaka kuwa mhandisi wa barabara tangu darasa la tano hapigi simu. Anajaza PCM na kwenda zake. Makala haya si yake. Ni ya yule ambaye Selform, ile fomu ya machaguo, iko mbele yake, dirisha la kubadilisha machaguo linakaribia kufungwa, na kichwani hamna kitu.

Kwanza ondoa aibu. Una miaka kumi na sita, kumi na saba. Mimi niliandika PCB kwa sababu jirani yangu wa dawati aliandika PCB, na yeye aliandika kwa sababu ya kaka yake. Mwezi wa pili wa kidato cha tano nilikuwa nimeshahamia CBG, na leo nafundisha Jiografia na Baiolojia. Kazi hii sikuiota usingizini.

Asiyejua atakuwa nani ana deni moja tu: afaulu vizuri masomo matatu anayoyaweza, huku akijua ni milango gani michache ameiacha nyuma yake. Mengine yote hapa chini ni jinsi ya kulilipa deni hilo.

C yako si lazima iwe C

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na hakuna anayewaambia mapema.

Katika kidato cha nne, C huanzia 45 na kuishia 64. Aliyepata 46 na aliyepata 63 wanapewa herufi ile ile, na karatasi ya matokeo haisemi nani ni nani. Wote wawili wanajiona wana "C ya Kemia". Ukifika kidato cha sita ngazi inapandishwa: A ni 80 na kuendelea, B ni 70, C ni 60, D ni 50, E ni 40, S ni 35, na chini ya hapo ni F. Sasa chukua alama zako za zamani uzisome kwa ngazi mpya:

- 62 ilikuwa C, inabaki C.
- 52 ilikuwa C, inakuwa D.
- 45 ilikuwa C, inakuwa E.
- 38 ilikuwa D, inakuwa S, na S haihesabiki kuwa prinsipo (prinsipo ni A hadi E).
- 32 ilikuwa D, inakuwa F.

Hapo nimechukulia kwamba somo lina uzito ule ule, jambo ambalo si kweli. Fizikia ya kidato cha tano si Fizikia ya kidato cha nne iliyorefushwa. Ni mnyama mwingine, ana pembe.

Kwa hiyo usichague kwa herufi. Tafuta namba. Chimba kabatini utoe ripoti za mihula, matokeo ya moko ya wilaya na ya mkoa, hata karatasi za majaribio ambazo mama hajawashia jiko. Chukua mitihani minne ya mwisho ya kila somo, upige wastani. Somo lenye C ambayo wastani wake ni 47 ni somo la kulichunguza mara mbili kabla ya kulibeba miaka miwili.

Kuna hesabu ya pili, ya chuo kikuu, ambayo wazazi wengi huijua wakati kuku ameshachinjwa. Divisheni ya kidato cha sita huhesabiwa kwa masomo matatu ya kombi: A pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Ukiwa na pointi 3 hadi 9 ni divisheni wani, 10 hadi 12 ni tuu, 13 hadi 17 ni thri. Chuo kikuu kinahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kigezo cha chini cha kawaida ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, na ziwe katika masomo ambayo kozi husika inayataka.

Sasa mfikirie kijana wa PCB aliyepata D, E na S. Jumla 15. Divisheni thri, nyumbani wanashangilia. Chuoni D yake ni 2, E yake ni 1, jumla 3. Hajafika. Mfikirie na mwenzake aliyekwenda HGE huku akichekwa kwamba kakimbia sayansi, akapata B, C na C. Jumla 8, divisheni wani, na masomo mawili bora yanampa pointi 7 chuoni. Nani ana nafasi nyingi za kuchagua?

Milango ambayo ukiipita hairudi

Nikisema hayo, kuna anayenirukia: "Kwa hiyo tukimbie sayansi wote?" La. Kuna kozi chache zisizokubali mbadala, na usipokuwa na masomo yake hata divisheni wani ya pointi tatu haikusaidii. Zijue kabla ya kuziaga.

- Udaktari wa binadamu. Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu, kila moja isipungue D. Mwenye CBG haingii, hata awe na A tatu. Hili nalirudia kila mwaka, na kila mwaka kuna anayelia Julai.
- Uhandisi. Fizikia na Hisabati ya advansi. PCM ndiyo njia kuu. PGM nayo inapita kwenye kozi nyingi, kwa kuwa P na M zimo ndani yake, ila watu huisahau.
- Takwimu na sayansi ya bima. Hisabati ya advansi. Ile ndogo, yaani BAM, haitoshi.
- Ualimu wa sekondari. Masomo mawili ya kufundishia kutoka kwenye kombi yako. Ukipata prinsipo moja tu, huna somo la pili la kulishika.

Sheria, utawala, rasilimali watu, uandishi wa habari, ustawi wa jamii, utalii na kozi nyingi za biashara zinapokea watu wa kombi mbalimbali. Tofauti zipo kati ya chuo na chuo, ila mlango ni mpana.

Onyo moja limejificha. Kozi nyingi, hasa za biashara na kompyuta, zinauliza pia Hisabati ya kidato cha nne au BAM. Kama Hisabati yako ilikuwa F, usijifariji kwamba umeachana nayo. Unaweza kulirudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimeona D moja iliyorudiwa ikimfungulia mtu kozi ambayo B zake za advansi hazikuweza kumfungulia.

Cha kufanya, hatua kwa hatua

*1. Andika masomo yako yote kwenye karatasi.* Mbele ya kila moja weka mambo mawili: wastani wa namba tulioupiga, na jibu la swali hili: ni lini mara ya mwisho nililisoma bila kusukumwa? "Napenda" peke yake haina maana, wengi hupenda mwalimu wakadhani wanapenda somo. Lakini kama kuna usiku ulikaa na ramani ya Jiografia mpaka umeme ukakatika, ukawasha tochi ya simu, huo ni ushahidi.

*2. Kaa wiki moja na kitabu cha kidato cha tano.* Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Kutoka mtihani wa Novemba hadi kuripoti Julai una miezi ya kutosha. Watu wanaimalizia kwenye tamthilia za Kikorea na kumsaidia mjomba dukani. Azima kitabu. Kwa Fizikia kuna Nelkon, ambayo karibu kila kaka aliyepita PCM anayo, imechanika jalada. Kwa Baiolojia kuna ile nene inayoitwa BS. Azima na madaftari ya mtu aliyemaliza, yenye mwandiko unaosomeka.

Chagua mada moja tu. Kwenye Fizikia, chukua mwendo wa kitu kilichorushwa hewani. Siku ya kwanza soma maelezo. Siku ya pili fuata mifano iliyofanywa, ukiificha nusu ya chini kwa rula na kujaribu mwenyewe. Siku ya tatu na ya nne fanya maswali matano, hata kama mawili tu yatatoka. Kisha jiangalie. Si kama umepata. Kukosa ni kawaida. Jiangalie ulipokosa ulifanya nini. Ulirudi ukurasa wa nyuma kutafuta ulipopotea, au ulifunga kitabu ukaingia WhatsApp? Anayerudi nyuma atafika, hata akianza na D. Anayefunga kitabu wiki ya kwanza, ndani ya miaka miwili atavifunga vitabu vyote.

Kwa masomo ya sanaa fanya jaribio lingine: andika insha ya Historia ya kurasa nne kwa mkono, kwa Kiingereza, ndani ya dakika arobaini, bila kutazama daftari. Mkono ukikufa ganzi na hoja zikiisha ukurasa wa pili, umejua kitu kuhusu HGL ambacho hakuna tangazo litakuambia.

*3. Fungua mwongozo wa TCU, uusome kinyumenyume.* Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo cha udahili, kipo bure kwenye tovuti yao. Kuna toleo la wanaomaliza kidato cha sita na toleo la wenye diploma. Chukua la kwanza. Kila kozi ina safu inayoeleza masomo yanayotakiwa. Hujui unataka nini, sawa. Basi piga mstari kozi kumi ambazo hazikuudhi. Usitafute ndoto, tafuta zisizokuudhi. Andika pembeni masomo ya kila moja, kisha hesabu ni somo gani limejirudia zaidi. Hilo ndilo somo lako la nanga, na kombi yoyote utakayochagua iwe nalo.

Kwa wengi nanga inatokea kuwa Hisabati, Jiografia au Baiolojia. Jiografia hasa ni somo la ajabu kwa asiyejua aendako: imo kwenye CBG, HGE, HGL, HGK, EGM na PGM. (Ndiyo, nalipigia debe somo langu. Hesabu mwenyewe uone kama nimeongopa.)

*4. Kagua shule, si jina lake.* Baraza la Mitihani huweka wazi matokeo ya kidato cha sita ya kila shule. Fungua ya shule unayoifikiria. Utaona mistari ya namba za watahiniwa, jinsia, pointi, divisheni, kisha masomo na herufi zake. Usiishie kuangalia wani ziko ngapi. Shuka kwenye masomo ya kombi yako, uhesabu kwa kidole: kati ya waliofanya Fizikia, wangapi wana D na kuendelea? Chini kabisa kuna jedwali la ufaulu wa kila somo. Shule inaweza kung'aa kwa HKL huku Fizikia yake ikiwa haijapata mwalimu tangu mwaka juzi. Rudia kwa miaka mitatu, maana mwaka mmoja unaweza kuwa wa bahati au wa msiba.

Shule za wenye vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala zinavutia, nami sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na anayechagua kombi asiyoiweza ili tu sweta lake liwe na nembo fulani.

*5. Waulize watu watatu.* Mmoja yuko kidato cha sita sasa hivi, mmoja yuko mwaka wa kwanza chuoni, mmoja anafanya kazi. Usiwaulize "ni nzuri?", watakujibu ndiyo. Waulize hivi:

- Mtihani wako wa kwanza kidato cha tano ulipata ngapi?
- Ni mada gani ilikutesa, na ulitokaje?
- Mliosoma nao kombi hiyo darasa moja, leo wako wapi?
- Ungerudi nyuma, ungejaza nini?

*6. Panga machaguo yote, siyo la kwanza tu.* Upangaji wa serikali unafuata ufaulu, ushindani na nafasi zilizopo. Wengi hupangiwa chaguo walilolijaza kwa kujazia. Ukiweka HKL nafasi ya tatu "ili fomu isibaki wazi", uwe tayari kuisoma HKL.

Kombi zinazodanganya kwa sura

*CBG si PCB ya wavivu.* Kemia ni ile ile, Baiolojia ni ile ile, maabara ni ile ile. Umepunguziwa Fizikia tu, ukaongezewa Jiografia yenye ramani, upimaji, takwimu na usomaji wa picha. Ni kombi nzuri mno kwa kilimo, misitu, mazingira na wanyamapori. Ni mbovu kwa anayejidanganya kwamba ataingilia udaktari mlango wa nyuma.

*EGM ina M.* Kila mwaka napokea vijana watatu wanne walioona Uchumi na Jiografia, wakafurahi, na ile herufi ya mwisho wakaipita kama kituo kisicho chao. Hisabati hiyo ni ya advansi kamili, wanakaa darasa moja na PCM. Kama ni Uchumi unaoutaka na Hisabati inakutoa jasho, angalia HGE. Lakini nako kuna BAM, na Uchumi wenyewe una grafu zake.

*HKL na HGL si za waliofeli.* Ni za wasomaji. Riwaya, tamthilia na diwani, kwa lugha mbili kama ni HKL, na swali la mtihani halikuulizi nini kilitokea, linakuuliza uthibitishe. Mtoto asiyeweza kumaliza kurasa ishirini kwa siku atateseka huku kuliko kwenye maabara.

*ECA* inamfaa anayependa vitabu vya hesabu kulingana mpaka senti ya mwisho. Kama hujawahi kusoma Uhasibu sekondari, uliza shule kama wanaanzia chini au wanadhani unajua.

*Tahasusi mpya.* Tahasusi ndilo jina rasmi la kombi. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi 49, jumla zikawa 65, zikiwemo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Kwa mwenye kipaji cha wazi ni habari njema. Kwa asiyejua anachotaka, nashauri umakini: si kila shule inazo, na kabla ya kujaza hakikisha umeona kwenye mwongozo wa TCU kozi angalau tano zinazozitaja herufi hizo. Ukikuta moja tu, hiyo ni kombi ya anayejua.

"Lakini mwalimu…"

*"Lakini mwalimu, mtu wa sayansi anaweza kuhamia biashara chuoni, wa sanaa hawezi kuhamia udaktari. Si bora nianze na sayansi?"* Hoja hii ni ya kweli nusu. Anahama aliyefaulu. Mwenye E na S za PCM hahamii kokote, anafukuzwa na pointi. Kama namba zako za sayansi ni 60 na kuendelea na hujui utakuwa nani, chukua sayansi, nitakuunga mkono. Zikiwa 45, wahenga walishasema: usiache mbachao kwa msala upitao.

*"Mikopo na ufadhili ni kwa sayansi."* Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, ni kweli unawalenga waliofanya sayansi. Waliofanya *vizuri sana*. Hautolewi kwa kuvaa koti la maabara. Na bodi ya mikopo inatazama pia hali ya mwombaji, si kombi peke yake.

*"Rafiki zangu wote wanakwenda HGE."* Watapangiwa mikoa tofauti. Mmoja Songea, mwingine Bukoba. Utabaki wewe na Uchumi.

*"Je, lazima niende kidato cha tano?"* Si lazima, na sijui kwa nini tunalificha jibu hili. Kama unapenda kazi ya mikono, mitambo au wagonjwa, diploma ya miaka mitatu inaweza kukufaa zaidi. Kuna Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha, na vyuo vya afya vinavyopokea wahitimu wa kidato cha nne wenye ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Diploma yenye GPA ya 3.0 inakupeleka shahada. Safari ni ndefu kidogo, lakini njiani una cheti cha kufanyia kazi, wakati mwenye kidato cha sita kibovu ana matokeo ya kuficha. Mwongozo wake unatolewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi.

*"Nijaze, kisha nitaona huko huko?"* Huko huko ni wiki ya tatu ya Julai, umelala bweni la vitanda themanini na mwalimu wa Fizikia yuko mada ya pili.

Neno na mzazi

Mzazi mwenzangu, hapa nitasema taratibu.

Julai moja alikuja ofisini mzee mmoja na binti yake. Tranka la bluu, ndoo mpya, godoro limefungwa kamba. Akanisalimia, akasema, "Mwalimu, nimekuletea daktari wangu." Binti akainamisha kichwa. Nikatazama karatasi: Jiografia A, Kiswahili A, Baiolojia B, Kemia C, Fizikia D. Amepangiwa PCB, kwa vigezo alikuwa amepita.

Sikubishana na mzee siku hiyo, mtu ametoka mbali. Wiki ya pili binti alikuja mwenyewe wakati wa chai, akasimama mlangoni akizungusha kalamu. "Mwalimu, naomba usimwambie baba." Alikuwa ameshafanya jaribio la kwanza la Fizikia. Tisa kwa mia. Nilimwambia siri hiyo siiwezi, ila tutampigia pamoja. Tukakaa na mwongozo wa TCU, tukaandika kozi kumi na moja za CBG ambazo hazikumuudhi, kisha nikapiga simu nikaweka spika. Mzee alinyamaza muda mrefu. Nikasikia kuku wake wakilia upande wa pili. Halafu akauliza, "Huko nako wanavaa koti jeupe?" Nikamwambia maabara za udongo wanavaa. Akacheka, akasema, "Basi na ahame. Lakini mama yake nitamwambia mimi, wewe usimwambie."

Ninachokuomba ni kidogo:

- Usimpe mtoto cheo kabla hajapata kombi. Ukishamwita "daktari" mbele ya majirani, atashindwa kukuambia ukweli.
- Muulize namba, si herufi. "Moko ulipata ngapi?" ni swali bora kuliko "utakuwa nani?"
- Usimlinganishe na binamu yake. Binamu yake alikuwa na mwalimu mwingine na Hisabati nyingine.
- Shule za serikali hazina ada ya kidato cha tano na sita tangu 2022, ingawa mahitaji ya bweni na michango vipo. Kabla ya kumtoa aliyepangiwa serikalini kumpeleka shule ya kulipia kwa sababu ya kombi, fanya ile hesabu ya matokeo ya miaka mitatu kwa shule zote mbili.

Ukishakosea

Umeripoti, wiki imepita, unajua kabisa umekosea. Usisubiri. Kuhama kombi ndani ya shule moja kunawezekana mapema, kama shule inayo hiyo kombi, nafasi ipo na alama zako zinaruhusu. Kadiri mada zinavyokwenda na majina yanavyopelekwa juu, ndivyo inavyokuwa ngumu. Dalili za kuzichukulia kwa uzito ni hizi: majaribio mawili mfululizo chini ya 20 huku umesoma kweli; kunakili kazi za wenzako tangu siku ya kwanza; kutafuta ruhusa ya zahanati kila siku ya vitendo. Kutamani nyumbani si dalili, hiyo kila mtu anayo mpaka Septemba.

Usihame kwa sababu ya jaribio moja. Usihame kwa sababu mwalimu ni mkali. Na usihame mara mbili; aliyehama mara mbili anakuwa hana daftari kamili la somo lolote.

Ukiamua, usianze na barua ya kurasa tatu. Nenda kwa mwalimu wa taaluma na nakala ya matokeo ya kidato cha nne, majaribio uliyofanya, jina la kombi unayoitaka, na jina la mwanafunzi wa kombi hiyo aliyekubali kukuazima madaftari. Hilo la mwisho ndilo mimi huliangalia kwanza. Anayekuja na madaftari ameshaanza kusoma. Namwandikia mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Nenda asubuhi, baada ya mstari. Mchana tunasahihisha.